Mpangaji wa Pili wa Nyumba Kumi na Nne

Kazi ya Mwihaki ilikuwa kukunja mdomo wa gunia na kuushona, basi. Gunia lilimfikia kutoka kwa Chepkorir, aliyekaa kwenye mashine ya kushoto na kushona ubavu; yeye akapiga pindo la mdomo, akalitupa nyuma, akavuta lingine. Mahindi ya Moi's Bridge yaliyopita Eldoret juu ya malori miaka ile, mengi yalikuwa ndani ya magunia yaliyotoka mikononi mwa wanawake hawa wawili. Hakuna mkulima aliyewahi kuwashukuru, na wao hawakuwa na haja ya shukrani za mkulima. Walichokuwa wakingoja, mwaka nenda mwaka rudi, ni nyumba.

Kiwanda cha magunia cha Kaptinga kilikuwa na nyumba za wafanyakazi nyuma ya ukuta, na kila mtu aliziita laini. Zilikuwa za mawe, vyumba viwili viwili, simiti chini, bati lisilovuja, na bomba la maji la kutumiwa na majirani wanne. Mtu mwenye nafasi yake angezitazama akasema ni vibanda. Mwihaki alizitazama akitokea Langas, alikopanga chumba kimoja cha udongo na watoto watatu, na ukuta wa nyuma wa chumba hicho haukuwa umekauka tangu aingie. Mumewe, Githinji, alikuwa kibarua katika shamba moja upande wa Burnt Forest. Alikuja mwisho wa mwezi, akakohoa siku mbili, akarudi zake. Aliyekohoa mwezi mzima ni Warigia, binti wao wa katikati, aliyekuwa na miaka mitano na kifua cha mzee.

"Mama, dawa nitakupa," nesi wa zahanati alimwambia safari ya mwisho, "lakini huyu mtoto anaumwa na nyumba. Mtoe hapo."

Mwihaki alitabasamu kwa aibu na kusema sawa. Angemtoa ampeleke wapi?

Ndiyo maana siku kamati ya nyumba ilipobandika majina ya waliopitishwa, lake likiwamo, alirudi kwenye mashine akiwa hajijui. Alishona midomo ya magunia mawili ikafungika kabisa, ikabidi Chepkorir aifumue huku akimcheka. Chepkorir naye alikuwa amepitishwa. Hao wawili mambo yao yalikwenda sambamba tangu siku walipoandikwa kazi, maana walisimama kwenye foleni ile ile getini, Chepkorir mbele, Mwihaki nyuma yake akiwa amemshika shuka ili asipotezwe na msukumano. Kwa hiyo Chepkorir akawa namba 1187, na Mwihaki 1188.

Barua zilitolewa Ijumaa baada ya chakula. Mwihaki alisoma yake mara mbili. Nyumba namba kumi na nne. Alimkimbilia mwenzake.

"Mimi nimepewa kumi na nne!"

"Ngoja," Chepkorir alisema, akafungua yake. Akaisoma mpaka chini. "Hata mimi, Mama Warigia. Kumi na nne."

Walicheka wote wawili, wakidhani ni kosa la kalamu tu, jambo la kurekebishwa kabla ya chai ya saa kumi. Wakashuka ofisini.

Ofisi ya wafanyakazi ilikuwa imebadilika mwaka ule, wa pili baada ya uchaguzi wa mlolongo, ule wa kura za kupanga foleni. Karani wa zamani alikuwa amestaafu na trei zake za kadi zikasukumwa pembeni. Mahali pake palikuwa na kijana aitwaye Wilson, aliyepelekwa Nairobi kusomea kompyuta, na kompyuta yenyewe, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha sebuleni. Kuingia chumba hicho ilikuwa lazima uvue viatu. Vumbi, walisema, lingeiua. Basi hao wakavua viatu, wakakanyaga simiti baridi, Mwihaki akikificha kidole gumba kilichochungulia kwenye soksi.

Wilson hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alizisoma barua, akafunua mashine, akangoja iamke.

"Humu ndani kuna karatasi mbili," aliwaeleza, akionyesha kioo. "Si karatasi ya kushika, lakini ni karatasi. Ya kwanza ni ya watu waliopitishwa na kamati. Ya pili ni ya nyumba, na kila nyumba iko na namba ya mwenyewe. Mimi sitafuti kwa macho. Naiambia kompyuta ichukue namba yako kwa hii ya kwanza, iende kwa ile ya pili, iniletee nyumba yako. Ni sekunde moja."

Akaandika 1188. Kioo kikajibu: 14.

"Unaona, mama? Uko."

Mwihaki aliona. Ajabu ni kwamba alifurahi kidogo, kuona mashine kutoka Nairobi inamjua.

"Andika ya huyu sasa," alisema.

Wilson akaandika 1187. Kioo kikajibu: 14.

Hapo kijana alikuna shingo. Akaifungua karatasi ya pili yenyewe, akateremka taratibu na kidole kwenye kioo. Kulikuwa na 1187, nyumba kumi na nne. Iliyofuata chini yake ilikuwa 1193. Akapanda, akateremka tena, kana kwamba namba ingekuwa imeenda haja na sasa ingerudi.

"Namba yako haiko huku," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Na hii kitu, ikikosa namba, haisemi imekosa. Inarudi kwa namba iliyo kabla, inachukua ya huyo."

"Kwa hivyo mimi niko wapi?" Mwihaki aliuliza.

Wilson alikuwa anatazama juu ya kabati, kwenye mkebe wa biskuti. Akaushusha, akaufungua. Karani wa zamani alikuwa na desturi yake: mwanamke akienda likizo ya kuzaa, kadi yake hutolewa kwenye trei na kuwekwa ndani ya mkebe, isichanganyike na za walio kazini. Akirudi, hurudishwa. Mwihaki alikuwa amekwisha kumzaa Nduta, mtoto wake wa mwisho, akamnyonyesha, akarudi kazini na kushona maelfu ya magunia, lakini karani alistaafu katikati ya mambo hayo. Nyumba ziligawiwa kwa kufuata kadi za kwenye trei. Kadi yake ilikuwa pale chini ya mkebe, na makombo ya biskuti juu yake.

Mwihaki alipumua. Kosa lililopatikana, alidhani, ni kosa lililokwisha.

"Basi niandike sasa."

"Nyumba zimeisha, mama."

"Lakini kamati ilipitisha watu kulingana na nyumba! Yangu lazima ilibaki!"

Wilson aliutazama mlango, akaitazama picha ya Rais ukutani kana kwamba nayo ilikuwa na masikio. "Ilibaki moja," alinong'ona. "Wakaona ni ya ziada. Imepewa shemeji wa mwenyekiti wa tawi la Chama. Ameshaingiza viti."

Walikwenda kwa meneja, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani hivi hivi. Meneja aliwasikiliza akiwa amesimama. Alisema barua amekwisha kuzitia sahihi, nakala imekwisha kufika kwa D.O., mkuu wa tarafa, na kompyuta haikosei, wanaokosea ni watu. Kisha akamgeukia Mwihaki kwa upole uliomuumiza kuliko angefokewa.

"Mama, kuna watu mia tatu hapa hawana nyumba. Wewe uko na nyumba, uko na barua ya nyumba mkononi, na bado unalia?"

Mwihaki alikuwa na la kujibu. Alikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini yeye ni mtu aliyesimama kwenye uwanja wa shule mwaka wa mlolongo, akaona kwa macho yake foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu mchana kweupe, na umati wote ukaenda nyumbani kimya. Alilimeza. Akarudi mlangoni kwa Wilson walikoacha viatu, akavaa vyake, akaondoka bila kufunga kamba.

Funguo zilitolewa na nyumba kumi na nne ilikuwa na ufunguo mmoja. Hakuna aliyebisha ni wa nani. Chepkorir aliupokea akilia, akamwambia mwenzake waingie wote. Ni maneno aliyoyasema kwa moyo mweupe, lakini Chepkorir alikuwa na watoto sita, na mama mkwe wake mgonjwa aliyeletwa wiki ile ile, na mumewe. Mwihaki alivihesabu vyumba kwa macho na kumwambia aache mzaha.

Angeomba tena mwaka unaofuata, alijipa moyo. Nako aligonga ukuta. Ombi lake lilirudishwa kabla ya kufika kwenye kamati, kwa maelezo kwamba mfanyakazi 1188 ana nyumba tayari. Wilson alijaribu kuziweka sawa kumbukumbu zake, akaambiwa akigusa karatasi zilizopitishwa atamwaga unga. "Na mimi niko na mtoto, Mama Warigia," alimwambia, na hakuthubutu kumtazama usoni.

Kisha akaja mkaguzi wa nyumba. Yeye alipita laini kila mwisho wa mwezi na orodha iliyotoka kwenye kompyuta, na orodha ilionyesha wapangaji wawili katika kumi na nne. Sheria ilikuwa wazi: mpangaji asiyeonekana huhesabiwa amehama, na nyumba hufungwa mpaka jambo lichunguzwe. Wilson ndiye aliyewapa habari hiyo kwa siri. Chepkorir alimjia Mwihaki kwenye mashine, akashika gunia lake lisiende.

"Dada, sijui nitakuambia nini. Wakifunga, yule mama mzee nitamlaza wapi?"

Dunia ina vituko. Mwihaki alikasirika, na ghadhabu yake haikupata mtu wa kumwangukia. Ilimpita Chepkorir, ikampita Wilson, ikarudi ikamkaa mwenyewe kifuani. Akasema atakuja.

Siku ya ukaguzi alifika laini mapema na Warigia mkononi, kwa kuwa orodha ilisema mpangaji ana watoto. Njiani alimfundisha. "Ukiulizwa, sema hapa ni kwetu. Usiseme lingine." Alifagia baraza ya Chepkorir, akaanika nguo mbili zake kwenye kamba, akavaa leso kama mtu aliye kwake. Mtoto alikuwa amekaa ndani, miguu mitupu juu ya simiti kavu, akila kiazi alichopewa na mama mkwe wa Chepkorir.

Mkaguzi alikuwa mtu wa haraka. "Wewe ndiwe 1188? Unaishi hapa?"

"Ndiyo, bwana. Naishi hapa."

"Na huyu?" Akainama. "Toto, hapa ni wapi?"

"Ni kwetu," Warigia alisema, kwa sauti safi isiyo na kikohozi, na mkaguzi akacheka, akatia alama mbili, akaenda kumi na tano.

Mwihaki aliziondoa nguo zake kambani, akazikunja. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Langas na mvua haikuwa mbali. Akaingia ndani kumchukua mtoto.

"Twende nyumbani."

Warigia hakusimama. Alimtazama mama yake, akamtazama bibi aliyempa kiazi, akarudi kumtazama mama yake.

"Si umesema ni hapa?"

Chepkorir aligeuza uso ukutani. Mwihaki alimwinua binti yake akiwa bado ameshika mguu wa stuli, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamfunga mgongoni na kumfunika leso kichwani. Mvua iliwakuta kabla ya kufika daraja la mto Sosiani, na mtoto akaanza kukohoa.