Fundi Feni na kazi yake ya kwanza ya maji

Ni asubuhi, majirani wengi bado hawajafungua. Fundi Feni amepiga magoti kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, shavu lake karibu liguse kasha la chuma.

“Inakunywa,” ananong’ona, akiyatazama maji yanayoshuka kwenye mpira mwangavu. Pampu inakoroma, inatema mapovu, kisha inatulia. Maji yanapita kwenye rejeta, mfano wa ile ya gari ila ndogo, yanarudi yalikotoka.

Ndani ya kasha hamna kompyuta. Ubao mkuu na kadi ya picha vimechukuliwa na mwenye mashine, na fundi hawezi kulisema hilo bila kuinamisha kichwa.

“Alivichomoa mbele yangu,” anasema. “Akavifunga kwenye taulo, kama mtu anayempokonya mlevi mtoto.”

Mwenye mashine ni muuguzi. Jioni za mapumziko hucheza michezo ya kompyuta na mdogo wake anayefanya kazi ng’ambo. Huko ndiko ndugu hao wanakokutana. Lakini mama yao mgonjwa hulala chumba hichohicho, na mchezo ukipamba moto feni za mashine hunguruma hadi mama anaamka. Aliposikia kuwa maji hupooza kompyuta bila kelele, alimwendea fundi wake wa siku zote.

“Umewahi kufunga mtambo kama huu?” alimuuliza.

“Mingi tu, dada. Hiyo kazi ndogo.”

Hakuwahi kufunga hata mmoja. Jina la utani amelipata kwa miaka ya kusafisha na kubadilisha feni. Kazi ya maji aliiona kwenye video tu.

“Ulimi hauna mfupa,” anasema. “Niliona haya kusema sijui.”

Alichora mpango wake kwa chaki ukutani. Akapima rejeta, ikaenea vizuri juu ya kasha, akainunua. Siku ya kuifunga ikagoma. Alikuwa amesahau unene wa feni zinazokaa chini yake.

Fundi cherehani wa kibanda cha pili alicheka hadi akaegemea ukuta. “Fundi Feni kasahau feni!”

Hapo angeweza kumpigia mteja simu. Badala yake aliihamishia rejeta mbele, akaukunja mpira kwa nguvu penye kona, akawasha pampu tu, kompyuta ikiwa imezimwa, ili ajaribu.

Muuguzi akapita akitoka zamu, sare mwilini. Tone lilikuwa limetua juu ya kadi yake ya picha, jingine linaning’inia kwenye kiungio.

“Kaka, hayo ni maji?”

“Ni jasho la mpira tu, dada. Kawaida.”

“Mimi nafunga dripu kila siku. Hapo panavuja. Niambie ukweli, umewahi kufanya kazi hii?”

Wateja wengine walikuwa wamesimama mlangoni.

“Hapana, dada. Nilikudanganya.”

Muuguzi hakufoka, na hilo ndilo linalomuuma fundi mpaka leo. “Ungesema ni mara yako ya kwanza, ningekuachia vilevile,” alimwambia. “Sasa sijui lipi lako ni la kweli.”

Kadi ilikauka bila kuharibika. Fundi ndiye aliyeshindwa kuinua uso. Alijifungia nyumbani, hataki kuonana na mtu, hadi mkewe alipomchoka.

“Mficha uchi hazai, baba watoto,” mkewe alimwambia. “Nenda ukaulize.”

Akaenda kwa fundi wa mtaa wa juu, mzoefu wa kazi za maji, ambaye Fundi Feni mwenyewe kwa muda mrefu alikuwa akimkejeli mbele ya wateja kwa kumwita “mchezea maji”. Mwenzake huyo alimsikiliza, akamvutia kiti, akamwonyesha jinsi ya kukata mpira uwe sawasawa ili ukae barabara kwenye kiungio.

“Laiti angenitukana,” anasema Fundi Feni. “Alinikaribisha chai.”

Sasa anapitisha kidole kwenye kila kiungio. Pakavu. Lakini hataki muuguzi alete vitu vyake bado.

“Aje mikono mitupu kwanza. Akae, atazame, aguse mwenyewe. Asiporidhika, nitambebea kasha hadi kwa fundi mwingine.”

Anafuta mikono kwenye suruali, anachukua simu, anaitazama kwa muda, kisha anapiga.

“Haloo, dada,” anasema. “Ni mimi. Yule mwongo.”