Kitako cha Kikombe

Hakuna kiburi kibaya kuliko kile kinachokataa msaada mbele ya mauti. Nimeyakumbuka hayo leo jikoni, nilipokuwa nikinoa kisu, nikasikia harufu ya chuma na kauri iliyoloa.

Mbuzi wetu wa pekee alikuwa amegongwa na lori pale Habaswein. Kama angekufa kabla ya kuchinjwa angekuwa kibudu, haramu kuliwa, nasi tungelala njaa. Nilikishika kichwa chake, pumzi ikipungua viganjani mwangu. Adeer, ndugu wa baba, alikuwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa mnyama haonyeshwi kisu kikinolewa. Niliisikia tupa yake kuukuu ikikwaruza, ikikwaruza.

"Adeer, anakufa!"

"Nyamaza!"

Jirani yetu alitoka na kikombe cha chai, akamwaga chai, akakifuata kisu nyuma ya nyumba.

"Kilete hapa."

"Wallahi, mwanamke hanoi kisu cha kuchinjia!"

"Basi kachimbe shimo umfukie mbuzi wako."

Jirani alimpokonya Adeer kisu, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa kitako cha kikombe, pale kauri inapokwaruza, mpaka kikapata makali. Mbuzi alichinjwa angali akipumua.

Jioni, tukila, Adeer aliisifu tupa yake mbele ya wageni. Niliendelea kutafuna; mtoto hamkosoi mkubwa. Aliyekinoa kisu kile aliitwa Dahabo.