Nyota Tatu za Msumari

Mimi si mtu wa kukasirika mbele za watu. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza. Lakini safari hii nimefikishwa mwisho.

Kwenye shamba la mikorosho la mjomba, hapa Kikole, kuna jiwe kubwa lililochongwa duara lenye pengo ubavuni. Mwalimu wetu wa historia alipoliona alisema huenda watu wa kale waliona jua likipatwa, wakaliweka hapo wasije wakasahaulika wao na walichokiona. Mwili ulinisisimka. Akaahidi kumleta mtaalamu kutoka Lindi.

Kabla mgeni hajafika, wavulana wawili wa darasa letu wakachukua msumari, wakachonga nyota tatu pembeni ya duara. Nilipowakuta nikawauliza, mmoja akacheka:

"Tunalinogesha, wewe! Mtu atoke Lindi kote huko aje kuangalia duara tupu?"

Mtaalamu alipokuja hakulishughulikia sana duara. Alizipigia magoti nyota, akazipiga picha, akasema jua likipatwa lote nyota huonekana mchana, kwa hiyo mchongaji alishuhudia kweli. Wale wawili wakafinyana.

Sauti ikanitoka. "Samahani, mwalimu. Nyota zimechongwa juzi. Kwa msumari."

"Ee, bibi wa jiwe!" mmoja akanizomea. "Na jua lilipopatwa ulikuwepo?"

Mtaalamu akapitisha kidole kwenye nyota, kikatoka na unga mweupe. Akafunga begi lake. "Kama hizi ni za uongo, duara nitaliaminije?"

Duara limeota kuvu ya miaka na miaka hadi ndani ya mfereji wake! Nyota hazina hata chembe! Nilisema, nani alinisikiliza? Mwalimu alikuwa ameshaanza kuomba radhi.

Jioni nikamwamkia mjomba, shikamoo. "Marahaba. Nasikia jiwe lako feki. Basi kesho nalichoma, nipate kokoto za msingi."

Huku kwetu jiwe hupangiwa magogo, likawashiwa moto mpaka liive, kisha likamwagiwa maji, likapasuka lenyewe. Magogo alikuwa ameshayapanga juu ya duara.

Sijui kama ni jua. Na wao hawajui! Wameshindwa kuuliza, ndiyo wavunje?

Leo asubuhi nimeyamwagia maji magogo yote, ndoo baada ya ndoo. Mjomba akanikuta.

"Nani kalowesha kuni zangu?"

"Mimi, mjomba. Na zikikauka nitazimwagia tena."