Kanda ya Baba Isiyo na Maneno

Hadi leo nikinusa moshi wa solda, ile risasi ya kuunganishia nyaya, ladha ya karatasi iliyotafunwa hunijia mdomoni. Niwaambie ni kwa nini, maana sijawahi kumwambia mtu mwingine.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio pale Bondeni, Nakuru. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yetu ya kaunsili, na mchana kutwa kilitoa moshi huo. Jumamosi alasiri alibeba gitaa lake la umeme hadi Salgaa, kuwapigia madereva wa malori wakila nyama. Alipiga blues, ule muziki wa huzuni inayotembea polepole, na hakuimba hata neno. Madereva walimtania: "Sasa fundi, utaanza kuimba saa ngapi?" Yeye alicheka tu.

Bahari hakuwahi kuiona, lakini alikuwa amesikia mahali gitaa linalotetemeka kama maji, na hakupata usingizi tena. Alichukua springi, akazifunga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaunganisha waya. Sauti ya gitaa ikipita humo, ilitoka imelowa. Mama aliudai mkebe wake hadi akachoka.

Kwa miezi mingi Baba alirekodi nyimbo zake, mojamoja, kwenye kanda. Upande ulipojaa aliandika juu yake "Mawimbi", kisha akavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Mtu mmoja wa studio huko Nairobi alikuwa amekubali kuisikiliza, na akiipenda aitoe iwe albamu. Nakala Baba hakutoa. Alisema kila ukinakili, yale maji yanakauka.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na shida zangu mwenyewe. Nilikuwa nimetuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio, na niliamini Jumapili hiyo ingesomwa. Nilitaka kuirekodi niwaringie wenzangu shuleni. Kanda tupu haikuwepo. Nikaitoa ile ya Baba drooni mwake, nikaiweka, nikasubiri Baba aimbe. Hakuimba. Wimbo wa pili pia, gitaa tu. Nikaamua kwamba alikuwa bado anapima nyuzi, na albamu yenyewe ingekuja baadaye, ikiwa na maneno kama muziki wa watu wengine. Na vile vitundu mgongoni, ni mtoto gani wa Bondeni hakujua dawa yake? Nilichana karatasi ya daftari, nikaitafuna, nikaziba. Nilirekodi kipindi karibu chote, kwa sababu sikujua zamu yangu ingefika lini.

Jumatatu asubuhi Baba alivaa koti lake la harusi. Alipoitia ile kanda mfukoni, na Mama akasema, "Mungu akutangulie, Baba Njeri," ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Baba alinipapasa kichwa.

"Wewe, mbona umenyamaza hivyo leo?"

Nikasema uji ni moto. Akaenda.

Alirudi jioni, akaketi, akavua viatu polepole.

"Mashine ya huko imekula kanda," alimwambia Mama.

"Ai! Yote? Si utarekodi ingine?"

"Zii, Mama Njeri. Hiyo ilitoka mara moja tu."

Nilimshukuru Mungu kwa ile mashine. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Lakini Baba hakurekodi tena, na Salgaa akaacha kwenda. Springi ziliingia kwenye redio za watu, na Mama akapata mkebe wake, akautilia chumvi. Kila nilipotumwa chumvi nilijiona mwizi.

Nilisema nitamwambia nikimaliza shule. Kisha nikipata kazi. Kisha nikija Krismasi. Majuto ni mjukuu, na wangu alifika mwaka huu, tulipokwisha kumzika Baba na Mama akanituma nipange droo zake.

Kanda ilikuwa nzima kabisa. Hakuna mashine iliyoila. Chini ya "Mawimbi" alikuwa ameandika, kwa kalamu nyingine, "Salamu za Njeri". Nikaigeuza mgongo kutafuta karatasi yangu. Alikuwa ameitoa. Vitundu vilikuwa wazi, ili mtu asirekodi juu ya salamu zangu.

Niliitia kwenye redio yake, nikabonyeza. Mtangazaji alisoma: "Njeri wa Bondeni anamsalimia baba yake, fundi asiyeshindwa na redio yoyote." Baba alikuwa ameyasikia hayo mbele ya mtu wa studio, akiwa na koti lake la harusi. Mwishoni kabisa kipindi kilikatika, na gitaa likaingia katikati ya wimbo, limelowa, tamu, na nikasikia hatimaye kwamba wimbo huo haukukosa kitu. Ulidumu kama dakika moja, kisha kanda ikaisha.

Muziki wa Baba haukuhitaji maneno. Baba mwenyewe aliyahitaji, machache tu, pale mlangoni, na mimi nikasingizia uji.