Kocha wa Tena Anayeuogopa Ukuta Kuliko Mawe

Kumepambazuka nusu tu, na Job Shiundu amesimama juu ya makreti mawili ya soda nyuma ya goli, akivunja vioo vilivyopachikwa juu ya ukuta. Ana nyundo ya fundi viatu na gunia kuukuu. Kabla ya kila pigo anakifunika kioo kwa gunia ili sauti isifike mbali. Chupa iliyopachikwa kwenye saruji inapasuka, anaichomoa kipande baada ya kipande, anatia ndooni, kisha anainua kichwa kusikiliza.

Ukuta si wake. Ni wa shule moja karibu na mtaa wa Tena, Eastlands jijini Nairobi, ambayo huazima timu za mtaani uwanja wake kila Jumapili. Akikamatwa ataulizwa nani amempa ruhusa, na hakuna aliyempa.

"Nani huyo?"

Shiundu nusura aanguke. Ni Matheka, bawabu wa shule, rungu mkononi.

"Ni mimi, kocha."

"Kocha! Na wewe umeanza wizi?"

"Sigusi hata tofali, ndugu yangu. Naondoa vioo tu, hapa vijana wanaporukia."

Matheka anautazama ukuta, kisha anautazama mguu wa kulia wa kocha. Anaweka rungu chini na kuyashika makreti yasiyumbe.

Shiundu, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni kocha na meneja wa Mwangaza FC, timu ya Tena. Alasiri ya leo, Jumapili ya mwisho ya msimu huu wa 1997, vijana wake wanakutana na timu ya mtaa wa Lucky Summer. Sare itawabakiza kwenye ligi. Wakifungwa wanashuka daraja, na wakishuka, Shiundu hajui familia yake italala wapi.

Hatii chumvi. Mwezi wa Machi, Mwangaza walipofungwa matatu, jiwe lilipita dirishani kwake na kutua juu ya kitanda cha bintiye, Triza. Bahati njema msichana alikuwa kwa shangazi yake, mtaa wa Buruburu.

"Nililikuta kwenye mto," asema mkewe, Nerima, ambaye huuza mboga sokoni. "Mahali pa kichwa penyewe. Tangu siku hiyo mtoto analala na sisi, na mimi silali."

Kosa la Shiundu siku hiyo ya Machi lilikuwa moja: alipita getini.

Kwa asiyeijua soka ya mitaa hii, mambo ni hivi. Mechi kubwa ikikaribia, mashabiki huamini kwamba wapinzani wamezika kitu cha uchawi getini, na kwamba mguu utakaokivuka utakuwa mzito hadi kipenga cha mwisho. Basi timu huruka ukuta. Wachezaji wa Mwangaza wote huruka. Hata kipa wao, anayeimba kwaya, huruka kwanza na kutubu baadaye. Asiyeruka ni mmoja tu, naye ndiye kocha.

Ana sababu. Shiundu alifika Nairobi kutoka Lugari mwaka wa 1979, akaajiriwa na kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda kwa ajili ya miguu yake. Siku hizo viwanda vilikuwa na timu, na beki mzuri alipewa kazi ya stoo hata kama hajui tofauti ya nati na boliti. Wenzake walimwita Komeo. Hakuwa na mbio, wala kimo hakuwa nacho. Alichokuwa nacho, kwa maneno yake mwenyewe, ni woga.

"Beki jasiri ni hasara," anasema, na akishaanza hadithi hii humzuii. "Atatoka kuufuata mpira, aache nyuma wazi. Mimi mshambuliaji nilianza kumwogopa tangu Ijumaa. Ikifika Jumapili nishajua atapita wapi. Kwa mwoga huenda kicheko, bwana. Kwa shujaa ndiko kilio kiendako."

Mwaka wa 1988 meneja wa timu ya kiwanda, kwa agizo la mganga, aliwaamuru wachezaji waruke ukuta. Komeo aliogopa kuruka, lakini aliogopa zaidi kuonekana akiogopa. Akaruka. Kioo kikazama kisiginoni na kukata ukano. Timu ilishinda, mganga akasifiwa, na habari za ushindi huo Komeo alizisikia akiwa hospitalini. Hakucheza tena.

Kiwanda kilimvumilia stoo kwa miaka michache, kisha timu ikavunjwa na yeye akapunguzwa kazini. Siku hizi anashona njumu na kutia mipira viraka katika kibanda chake hapo Tena. Kwa ukocha hupewa shilingi mia tatu kila mechi, zikipatikana. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: Shiundu leo hata ua wa michongoma hauruki.

Jumamosi mchana Jacklyne Apondi alifika kibandani. Apondi ni karani wa reli na mwenyekiti wa mashabiki wa Mwangaza, mwanamke ambaye akipiga kelele uwanjani hata refa hugeuka. Hakuja kushonesha kiatu.

"Kocha, kesho tunaruka sote," alisema. "Na wewe pia."

"Mama, mguu wangu si unaujua?"

"Naujua. Lakini Machi ulipita geti peke yako, ukaokota mkosi wote, ukatuletea mpaka kwa benchi. Safari hii watu hawataki kusikia habari ya mguu."

"Unanitisha?"

"Mimi? Nakupenda, ndiyo maana nimekuja. Ni hao vijana, kocha. Hao siwezi kuwashika."

Kisha akaaga vizuri na kutuma salamu kwa Mama Triza. Shiundu anasema salamu hizo zilimwogofya kuliko maneno yote yaliyotangulia.

Jioni alimweleza mkewe.

"Baba Triza, ruka tu," Nerima alimsihi. "Mungu hatakuuliza juu ya ukuta."

"Si Mungu ninayemwogopa. Ni kioo."

"Basi si ukitoe?"

Ndiyo maana alfajiri hii yuko juu ya makreti. Hadi jua linachomoza amesafisha upana wa kuwatosha watu watatu, akaupitisha mkono juu ya saruji mara mbili, na ya tatu akamwomba Matheka naye apapase.

Saa tisa alasiri timu ilijipanga ukutani, mashabiki nyuma yao. Nahodha Ooko, beki wa kati, alitangulia. Alipofika juu alipapasa, akashangaa.

"Maze kocha, huku ni laini! Mtu anaweza lala huku!"

Wengine wakamfuata wakicheka. Ikafika zamu ya kocha. Shiundu aliweka viganja vyake ukutani, akainua mguu, akaurudisha chini. Akajaribu tena. Ikawa vilevile, na kila mtu aliona.

"Kichwa kilijua hakuna kioo," anasimulia. "Nilikivunja mimi mwenyewe! Lakini kisigino hakikujua."

Aliuacha ukuta, akazunguka akichechemea, akapita getini peke yake. Hakuna aliyemzomea, na hilo ndilo lililomtia baridi. Mtu mmoja tu alisema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tutaonana jioni, kocha."

Wakati huo Nerima alikuwa nyumbani akisukuma kitanda mbali na dirisha. Triza alikuwa ameshapelekwa Buruburu.

Mechi haikuwa tamu. Lucky Summer walishambulia tangu mwanzo, na kila mpira ulipovuka katikati ya uwanja, Shiundu aliwatazama mashabiki kwanza, ndipo akautazama mpira. Makocha wengine huwaambia vijana wao wasiogope. Yeye alisimama pembeni akipaza sauti, "Ogopa, Ooko! Ogopa!"

Dakika za mwisho mshambuliaji wa Lucky Summer alimzunguka kipa na kubaki na goli tupu. Akapiga. Ooko, ambaye hakuna aliyemwona akirudi, alikuwa amesimama mstarini. Mpira ulimgonga kifuani ukatoka nje. Alipoulizwa baadaye aliionaje hatari mapema hivyo, alijibu, "Sikuiona. Niliiogopa tu, vile mzee hutuambia."

Refa akapuliza kipenga. Sare tasa. Mwangaza wamebaki.

Umati ulimiminika uwanjani kumwelekea Shiundu. Hakujua ni furaha au ni hasira, kwa hiyo alifunika kichwa kwa mkoba wa jezi. Mikono ikamnyanyua juu. Akadhani ni furaha, akaanza kupumua. Kisha akaona wanakoelekea.

"Kwa ukuta!" Apondi alikuwa akipiga mayowe. "Atokee pale alipokataa kuingilia! Mkosi uishe!"

"Niwekeni chini! Jamani, mguu! Mguu!"

Nani amsikie? Walikuwa wakimwimba jina.

"Nililia," anasema bila kuficha. "Andika hivyo. Nililia kama mtoto."

Wakampandisha. Alifumba macho akikingoja kioo, na kisigino chake cha kulia kikapita taratibu juu ya saruji aliyoisugua kwa mkono wake alfajiri. Upande wa pili Matheka alimdaka kiunoni.

"Kocha, umefika," bawabu alimwambia. "Fungua macho."

Hakukatwa. Jioni hiyo hakuna jiwe lililorushwa, na Nerima alilala. Apondi anaeleza mtaa mzima kwamba timu ilipona kwa kuwa kila mtu aliruka, japo kocha aliruka wa mwisho. Shiundu habishani naye.

Siku mbili baadaye yuko kibandani, njumu ya Ooko pajani. Msimu ujao anataka kumwombea kijana huyo majaribio katika timu kubwa, na anataka Mwangaza wajihakikishie kubaki ligini mapema, bila kusubiri Jumapili ya mwisho. Ameomba pia kumwona mwalimu mkuu wa shule kuhusu vioo vilivyosalia. Hajajibiwa.

Mechi ya kwanza itakuwa ugenini, mtaa wa Baba Dogo. Anapoitaja anainama, anatoa nyundo chini ya meza na kuipangusa kwa kitambaa.

"Uwanja wao siujui," anasema. "Lazima nitangulie siku moja, niuone ukuta."