Nilivyoiita Mbovu TV ya Mzee Aloyce

Aibu hii nimekaa nayo muda mrefu, na ningeendelea kukaa nayo kama watu wasingekuwa wanaisimulia vibaya (kuna wanaosema nililia, sikulia, macho yalikuwa mekundu kwa vumbi), kwa hiyo naona heri niiseme mwenyewe ilivyokuwa. Niliwahi kumgombanisha mzee wa watu na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, dukani, mbele ya wateja, na mzee mwenyewe ndiye niliyetaka anipe binti yake.

Naitwa Deo, kwetu ni Kwa Sadala, Machame, na wakati huo nilikuwa na kibanda cha stationery Kiboriloni, pembeni ya Moshi mjini, nachapa barua, natoa kopi, nawawekea watu nyimbo kwenye simu. Kwa kazi hiyo watu walikuwa wananiita mtaalamu, na ubaya wa kuitwa mtaalamu ni kwamba ukiitwa mara nyingi unaanza kuitika.

Jumapili moja mchumba wangu Resti alinipeleka kwao Mkuu, Rombo, nikajitambulishe kwa wazazi. Kaka yake Protas, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba mzee amenunua TV kubwa, inchi hamsini na tano, nije na gemu ya mpira tucheze. Mimi nikaona hapo ndipo pa kung'aa. Nikabeba laptop yangu (ya zamani, mimi nilikuwa mmiliki wa tatu, lakini nilikuwa nimeisafisha na kuipiga stika mpya), nikabeba na waya wa HDMI wa kuiunganisha na TV, nikavaa shati la mikono mirefu.

Tulipokelewa vizuri sana. Majirani walikuja kuniona, sebule ikajaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, kiburu cha ndizi na maharage kikaliwa, mzee Aloyce akaniuliza habari za ukoo wetu na mimi nikamjibu kwa heshima zote. Wao wakiongea Kirombo mimi nabaki natabasamu tu, maana sisi wa upande wa Machame hatukielewi hata kidogo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na kama ningekaa kimya na tabasamu langu nisingekuwa na la kusimulia.

Baada ya chakula Protas akasema tuweke gemu. Nikachomeka waya, picha ikatokea, na ilikuwa mbaya. Wachezaji walikuwa na nyuso kama zimepakwa mafuta ya kujipaka, namba za jezi hazisomeki, nyasi zimekuwa kitu kimoja cha kijani kama uji wa mboga. Kwenye laptop palepale ilionekana vizuri, kwenye TV ukungu mtupu. Majirani wakawa wanaangalia TV, halafu wananiangalia mimi, na Protas akauliza mbona hivi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikainuka, nikaenda nyuma ya TV, nikaigonga kidogo kwa kidole (sijui kwa nini, nimeona mafundi wanafanya), nikasoma kile kikaratasi cha nyuma, nikatikisa kichwa, nikasema hii siyo full HD ya kweli, ni ya kuchakachua, wameandika tu juu ya boksi.

Mama Resti akauliza taratibu mbona taarifa ya habari inaonekana vizuri. Swali zuri kabisa, ndilo lililokuwa na jibu lote ndani yake, na mimi nikalijibu bila hata kulifikiria, kwamba taarifa ya habari haina mwendo mama, mtu amekaa tu anasoma, ubovu wa TV unaonekana kwenye gemu.

Mzee Aloyce akaweka kata yake ya mbege chini. "Hii TV nimenunua kwa Shabani," akasema. "Nimesoma naye. Una hakika na unachosema?"

Resti alikuwa ananiangalia kwa macho ya kunisihi. Mimi nikayasoma kama macho ya kujivunia. Nikasema nina hakika, mzee, umebambikiwa.

Asubuhi yake saa mbili tulikuwa njiani kuteremka Moshi mjini kwenye pikapu ya Protas, mzee mbele, mimi nyuma nimeikumbatia TV iliyofungwa kwenye blanketi, tukapita Mwika, tukapita Himo, na njia nzima nilikuwa bado najisikia vizuri. Nilikuwa namwona mkwe wangu mtarajiwa ananiamini kuliko rafiki yake wa miaka hamsini, na ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba niliona ni jambo la heri.

Duka la mzee Shabani lilikuwa limejaa wateja. Yeye ni mtu wa mjini, mpole, kofia yake nyeupe, na alipomwona mzee Aloyce akafurahi, akaanza kumwita kwa jina la utani la shuleni. Mzee Aloyce hakuitikia. Akasimama katikati ya duka akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde, "Shabani, nimekula kwako, umekula kwangu, halafu ukaniuzia bati."

Mzee Shabani hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha kidogo. Aliuliza tu nani amesema, na mzee Aloyce akaninyooshea mkono. Basi mzee Shabani akamwita binti yake Hadija, ndiye fundi wa duka, akamwambia amsaidie huyu kaka aonyeshe ubovu.

Hadija akanisalimia vizuri, akatuwekea TV mezani, nikachomeka laptop yangu, nikafungua gemu, na ukungu ukatokea uleule. Nikawageukia wateja nikasema mnaona. Kweli niligeuka nikasema hivyo.

Hadija akasogea mezani. Akachomoa waya kwenye TV ya mzee, akachomeka kwenye TV mpya ya duka, ya ghali kuliko zote, ile iliyo juu ukutani. Ukungu. Akachomoa, akachomeka kwenye nyingine ya kampuni nyingine. Ukungu. Akachomeka ya tatu. Nyuso zilezile za mafuta, uji uleule wa kijani. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu linazunguka, kwamba nilimwambia mzee nina hakika.

Akairudisha kwenye TV ya mzee, akauliza kama anaweza kugusa laptop yangu. Akaeleza wakati anabonyeza, bila kunidharau, na ingekuwa nafuu kama angenidharau. Laptop yako ndogo, kaka, inatuma picha yenye mistari mia saba sitini na nane, TV ina mistari elfu moja na themanini. Huwezi kugawa mistari hiyo ikatosha sawasawa, kwa hiyo TV inakisia, inatia rangi za katikati, ndiyo huu ukungu. Akaweka laptop itume ukubwa wa TV yenyewe, na picha ikawa safi mara moja, ila wachezaji wakaanza kwenda kwa kuvutwavutwa kwa sababu laptop yangu haina nguvu hizo. Basi akaenda ndani ya gemu, akaiteremsha mpaka mistari mia tano arobaini, nusu kamili, akawasha kitu cha kufanya kila kitone kiwe vinne bila kukisia. Gemu ikakimbia, na namba ya jezi ikasomeka kutoka mlangoni kwa mtu aliyekuwa anapita barabarani.

Watu wakacheka. Mteja mmoja alikuwa amerekodi tangu mwanzo. Mzee Shabani peke yake hakucheka. Alizima TV, akaifunga ndani ya blanketi kwa mikono yake, akasema, "TV yako hii hapa, Aloyce. Msalimie mama Resti." Akaingia ndani, hakutoka tena.

Kurudi Rombo sikupandishwa kwenye pikapu. Mzee Aloyce aliniangalia mara moja tu, akaniambia nibaki mjini, kwani ni karibu na kwangu. Resti alinipigia jioni, akasema baba hajala, hajasema neno, amekaa sebuleni na TV imezimwa. Halafu akasema hajui kama nitaweza kurudi pale nyumbani, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayehesabu kilichobaki.

Siku ya tatu mzee alinipigia mwenyewe. Akaniambia nikutane naye mjini saa sita mchana. Nilimkuta amesimama karibu na soko akiwa na koti lake la kanisani, mkononi ana jani la isale alilolikata kwenye mpaka wa shamba lake, amelifunga fundo. Kwetu Wachagga ukimpelekea mtu uliyemkosea jani hilo huwa hakukatalii msamaha, na halibebwi kwa mzaha. Akanipa nilibebe mimi. Tukatembea mtaa mzima, jua la utosi, watu wakiliona jani wakitupisha njia, hakuna aliyecheka, na hiyo ilinichoma kuliko kicheko cha dukani.

Mzee Shabani si Mchagga lakini amezaliwa Moshi. Alipoliona alisimama. Nikapiga magoti nikamkabidhi, nikasema shikamoo baba, nimekukosea. Akalipokea kwa mikono miwili. Mzee Aloyce naye akasema kwa sauti ndogo kwamba amekosa yeye zaidi, alikuwa na miaka hamsini ya kumjua na akaiacha kwa neno la siku moja. Mzee Shabani akamshika mkono, akamketisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Mimi nimesamehe," akasema. "Ila kule Mkuu ulisema mbele ya watu. Walewale warudi, na mimi nitakuwepo, ukaseme tena."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye sebule ileile, majirani walewale, mzee Shabani amekaa kiti cha mgeni na soda yake, nikasema kwamba TV ni nzima, iliuzwa kwa haki, picha ilikuwa inaharibiwa na laptop yangu na mimi sikujua, na badala ya kusema sijui nilimvunjia mtu heshima. Nilifikiri nimemaliza. Bibi mmoja jirani, mkongwe kabisa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu ili aelewe vizuri:

"Kwa hiyo kibovu kilikuwa wewe?"

Nikasema ndiyo, bibi. Mzee Aloyce akacheka, kwa mara ya kwanza wiki nzima, akacheka mpaka akashika bega la mzee Shabani, na Resti akaficha uso kwenye kanga.

Tulioana, namshukuru Mungu, ingawa mpaka leo kitu kikiharibika ukweni anaitwa Hadija kutoka mjini na mimi naambiwa nikae nile. Na hapo kibandani mteja akiniletea kitu akaniuliza kama ni kibovu, namwambia sijui, aniache nacho kwanza. Wengine wananiona sina ujuzi. Sawa tu.