Mkufu Alioninyima Aunty Saroja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyonyimwa kitu na mtu aliyenipenda. Ilikuwa mwaka 2012, huku Chatsworth, mjini Durban, wiki moja kabla ya harusi yangu. Katika umri ule aibu kidogo tu unaiona mwisho wa dunia. Usinicheke, hali hiyo na wewe unaijua.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Aunty Saroja, mjane wa Kihindi. Fujo za kufukuza wageni zilipozuka mwaka 2008, mimi msichana kutoka Bukavu, msuka nywele wa saluni ya Isipingo, sikuwa na pa kulala. Yeye alinifungulia geti wakati majirani walikuwa wanafunga ya kwao, na hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Mpaka leo nikimtaja moyo wangu unajaa shukrani.

Basi, shangazi yake mchumba wangu alikuja saluni, akanitazama shingoni, akasema mbele ya wateja kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "Bibi-arusi hana hata mukufu? Ule mutoto hana famille hapa Durban?"

Maneno yale yalinichoma. Nikakumbuka mkufu wa pembe za ndovu niliowahi kuuona kabatini kwa Aunty, mweupe, umechongwa maua madogo madogo. Jioni nikamwomba aniazime, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Akakataa. Kisha akaniketisha jikoni, akanimiminia chai.

"Ulikuwa wa mama yangu," alisema. "Kijiji cha babu yangu kule India kiko pembeni mwa msitu. Wanakijiji walikata msitu wakapanda chai, wakazungusha waya. Ndovu dume mmoja akaja kupita palepale alipozoea kupita tangu akiwa mdogo, akifuatana na mama yake. Wakampiga risasi, wakasema ni mwizi wa mashamba. Pembe zake ndizo hizi. Hakuiba kitu, Neema. Alikuwa anapita kwao."

"Sasa unautunza wa nini?" niliuliza, nimenuna.

"Nikiutupa, mtu atauokota auvae."

Akaniambia pia kwamba wajukuu wa walewale waliompiga risasi waling'oa waya, wakaacha kipande kirefu cha shamba bila chai mpaka miti ikarudi. Aunty mwenyewe aliwahi kwenda kuwatembelea, na asubuhi moja akawaona ndovu wakipita hapo, mama na mtoto wake, na watu wa kijiji wamesimama kimya kuwapisha. Alisimulia huku anatabasamu, chai yake ikapoa. Mimi nilikwenda kulala na kinyongo changu, sikudanganyi.

Siku ya harusi, kiti cha mama wa bibi-arusi kilikuwa kitupu kule mbele kanisani. Mlango ukafunguliwa, Aunty akaingia na sari ya kijani. Mwanamke ambaye haendi hata sokoni bila dhahabu yake alikuja shingo tupu, kama mimi. Akakaa kwenye kile kiti. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, akasimama, mfupi vile, akasema, "Mimi. Ni mtoto wangu." Nililia mpaka poda yote ikatoka. Yule shangazi alikuwa wa kwanza kumletea sahani ya chakula.

Mwanangu, kabla hujatamani kitu kizuri, uliza kimetoka kwa nani, na kama aliyekitoa alibaki hai. Msitu una wenyewe. Ukifika mahali ukawakuta, usiwazibie njia kisha ukawaita wezi kwa kuipita. Na mtu akikunyima kitu kwa sababu anakutakia mema, mshukuru mapema kuliko mimi nilivyomshukuru Aunty.

Mungu akupe mtu wa kusimama pale watakapouliza watu wako wako wapi. Na akupe miguu ya kusimama wewe, kwa ajili ya wasio na wa kuwasemea, wa mjini na wa msituni.